Poti ya 17: kisa cha swichi iliyopona kila ilipozimwa

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko Morogoro, jengo lake la utawala lina ghorofa mbili, na swichi ya ghorofa ya chini, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao, ni Cisco Catalyst 2960 ya poti 24 (matundu ya waya), ile ya zamani yenye poti za megabiti 100 na mbili za gigabiti za kuunganishia na swichi kuu. Imefungwa ndani ya kabati la chuma kwenye korido, karibu na ngazi. Ni mzee wa kazi, lakini hizi 2960 hazifi kirahisi, na mtu akikuambia "swichi imechoka" kabla hujaona logi yoyote, yaani rekodi ya matukio ya kifaa, mwombe akuonyeshe uchovu wenyewe.

Lalamiko lilikuwa la ofisi moja. Uhasibu hukosa mtandao asubuhi. Si kila asubuhi: wiki inaweza kupita salama, halafu siku mbili mfululizo wahasibu wanafika, wanafungua mfumo wa ada, hola. Dawa ilishajulikana jengo zima. Mzee anayetunza jengo anafungua kabati, anachomoa waya wa umeme wa swichi, anasubiri kidogo, anauchomeka. Dakika chache baadaye uhasibu wanarudi hewani. Masijala na udahili, ambao hawakuwa na tatizo lolote, nao wanakuwa wamekatiwa kazi zao katikati, na malalamiko yao yanaandikwa kama tatizo jingine kabisa.

"Fundi," mzee aliniambia, "ukiizima na kuiwasha inarudi. Sasa hapo ugonjwa uko wapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko ripoti yote niliyopewa. Kifaa kinachopona kwa kuzimwa kimeshakupa taarifa: chuma huenda kiko salama, waya za ukutani pia, na kilichoharibika huenda ni hali fulani ambayo swichi ilikuwa imeishika kwenye kumbukumbu yake wakati inafanya kazi. Umeme ukikatika, hali ile inaachiwa. Shida ni kwamba maelezo ya hali ile nayo yanakaa kwenye kumbukumbu hiyohiyo. Logi ya ndani ya 2960 iko kwenye RAM. Mzee alipokuwa anachomoa waya, alikuwa anatibu na kufuta ushahidi kwa mkono mmoja, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Lakini sikuitwa kwa ajili ya hilo. Niliitwa kwa sababu mambo yalikuwa yamezidi kuharibika.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa amesoma mahali kwamba kitufe cha MODE, kile kilicho mbele ya swichi upande wa kushoto, "kinaisafisha". Akakibonyeza na kukishikilia. Kwenye swichi hizi ukikishikilia kama sekunde tatu taa za mbele zinaanza kupepesa. Ukiendelea hadi sekunde kumi zipite, zinaacha kupepesa, swichi inajiwasha upya, na ikiamka haijui hata jina lake. VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) ya simu, ya uhasibu na ya wageni zimeondoka, kila poti iko VLAN 1. Simu za mezani zilizimika na printa zikapotea. Kompyuta chache zikapata anwani kutoka mtandao wa zamani uliokuwa umesahaulika kwenye VLAN 1, zikaendelea na kazi, kwa hiyo ofisi mbili zikawa zinabishana kama mtandao upo au haupo, na zote zikawa na haki.

Wengi huamini kuwa mipangilio hapo imefutika na inabidi kuandika upya. Haijafutika. Niliunganisha kebo ya konsoli, ile bapa ya bluu ya kuongea na swichi moja kwa moja, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, nikaandika `dir flash:` ili kuorodhesha mafaili yaliyo kwenye flash, hifadhi isiyofutika umeme ukikatika. Mafaili yalikuwepo yote, yamebadilishwa majina tu: `config.text.renamed`, `vlan.dat.renamed`. Kitufe cha MODE hakichomi nyaraka, kinaziweka kando. Kabla ya kugusa chochote niliwasha kuhifadhi maandishi yote ya PuTTY, programu ninayoandikia amri za swichi, kwenye kompyuta yangu, nikaandika `terminal length 0` ili maandishi yasisimame kila ukurasa, kisha `more flash:config.text.renamed`. Kwa kasi ya 9600 mistari inashuka taratibu, unaisoma kama unasomewa: jina la swichi, poti moja moja, VLAN yake na maelezo yake. Kwenye poti ya 17 kulikuwa na mstari mmoja wa maelezo: UHASIBU. Chini yake, `spanning-tree portfast`, yaani poti ya mtumiaji ianze kazi bila kusubiri. Na juu kabisa, kwenye mipangilio ya jumla, `spanning-tree portfast bpduguard default`, ulinzi wa poti hizo ambao nitaurudia. Aliyeifunga swichi hii miaka ile alijua kazi yake.

Kurudisha ni `rename flash:config.text.renamed flash:config.text`, unafanya vivyo hivyo kwa kila faili lenye mkia huo, halafu `reload`. Hapa pana mtego mmoja. Swichi ikikuuliza kama uhifadhi mipangilio iliyopo sasa kabla ya kuwaka upya, jibu ni `no`. Ukisema `yes`, utaandika mipangilio mitupu juu ya ile uliyotoka kuiokoa. Baada ya hapo simu zikalia, printa zikarudi, na kijana wa mafunzo akapumua.

Neno "kuriseti" ndilo lililomponza. Mafundi tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Kuzima na kuwasha, iwe kwa waya au kwa `reload`, hakugusi mipangilio iliyohifadhiwa ila kunafuta logi, hesabu za poti na hali zote za muda. Kuondoa mipangilio, kwa MODE au kwa `write erase`, ni kitu kingine, na hata `write erase` haiziondoi VLAN kwa sababu zenyewe zinakaa kwenye `vlan.dat`, si kwenye faili la mipangilio. Na kuna kuamsha poti moja, `shutdown` kisha `no shutdown` ndani ya poti husika, jambo ambalo haligusi mtu mwingine yeyote kwenye jengo. Hili la tatu ndilo ambalo chuo kilikuwa kinalihitaji muda wote, na ndilo ambalo hakuna aliyelijaribu.

Nikarudi kwenye tatizo la awali. Ushahidi uliobaki ulikuwa kidogo. `show version`, niliyoitazama kabla ya `reload` yangu, haikuonyesha dalili kwamba swichi ilianguka yenyewe. Kwenye flash, ndani ya folda ya `crashinfo`, hapakuwa na faili jipya. Programu ya swichi ikianguka, kwa kawaida huacha maiti yake pale, na maiti hiyo haifutiki kwa kukata umeme. Kwa hiyo dhana ya "programu mbovu, tuiboreshe" ikapoteza nguvu mapema, pamoja na fomu ya kununua swichi mpya ambayo mtu wa ugavi alikuwa ameshaianza.

`show logging` ilikuwa na mistari ya tangu kuwaka tu, na kila mstari ulianza na nyota na tarehe ya Machi 1. Tarehe hiyo inawachanganya wengi. Swichi hii haina betri ya saa. Ikiwaka bila kuambiwa saa na mtu, inaanza kuhesabu kutoka Machi 1, 1993, na ile nyota mbele ya tarehe ndiyo namna yake ya kusema kwamba haiamini saa yake. Hata kama logi zingesalimika, zisingesema chochote cha kutumika. "Saa moja na dakika ishirini baada ya kuwaka" si jambo unaloweza kwenda nalo kwa mzee ukamuuliza nani alikuwa jengoni.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, na kwangu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Nafasi ya logi kwenye RAM, usipoibadilisha, ni baiti 4096. Hiyo ni mistari kama arobaini hivi. Kila kompyuta ikiwashwa au kuzimwa inaandika mistari yake miwili ya poti kupanda au kushuka. Ofisi kumi zikiwasha kompyuta saa mbili asubuhi, chochote kilichoandikwa alfajiri kimesukumwa nje na mistari isiyo na maana. Hata mzee asingechomoa waya, mimi nikifika saa nne nisingekuta kitu.

Kazi ya siku hiyo ikawa kuandaa mtego. Nafasi ya logi niliipandisha hadi 65536. Poti za watumiaji nikaziambia `no logging event link-status`, zisiandike kila kompyuta inapozimwa. Poti za gigabiti na ile ya 17 nikaziacha ziseme. Nikaweka `clock timezone EAT 3` na seva ya NTP ya kuipa swichi saa sahihi, kisha `service timestamps log datetime msec localtime show-timezone`, ili kila mstari ubebe saa ya hapa na milisekunde zake. Mwisho, `logging host` ikielekea kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafishwa stoo, tukaiwekea Debian na rsyslog, programu ya kupokea na kutunza logi. Syslog, yaani ujumbe wa logi unaotumwa mtandaoni, kwa kawaida hutumwa kwa UDP kwenye poti 514 (namba ya huduma, si tundu la waya), haithibitishi kama ujumbe umefika, kwa hiyo kama kinachokufa ni njia kuu ya kwenda seva, ujumbe wa kifo unakufa nao. Hapa tulikuwa na bahati: aliyekuwa anakufa ni ofisi moja, njia kuu ilikuwa nzima.

Mzee nikamwomba mambo mawili. Uhasibu wakikosa mtandao, asiguse waya wa umeme, anipigie. Na atazame taa ya poti 17 iko rangi gani.

"Ile ya rangi ya chungwa?" akauliza. "Hiyo huwa inawaka siku hizo. Nikizima na kuwasha inakuwa ya kijani."

Alikuwa ameiona muda wote. Hakuna aliyemuuliza.

Nikamuuliza na jingine: kuzima mara moja hutosha siku zote? Akasema hapana. Siku nyingine anazima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza uhasibu hawarudi. Sikujua la kulifanyia jibu hilo wakati ule, lakini nililiandika.

Simu ya mzee ilikuja asubuhi moja, saa moja na nusu hivi. Nilifungua logi kwenye seva kutoka nyumbani. Mistari miwili ndiyo iliyonivuta kwanza:

`06:41:12.318 EAT: %SPANTREE-2-BLOCK_BPDUGUARD: Received BPDU on port Fa0/17 with BPDU Guard enabled. Disabling port.`

`06:41:12.318 EAT: %PM-4-ERR_DISABLE: bpduguard error detected on Fa0/17, putting Fa0/17 in err-disable state`

Saa 12 na dakika 41 asubuhi. Fa0/17 ndiyo poti ya 17, na `err-disable` ni poti kufungwa na swichi yenyewe. BPDU ni pakiti ndogo ambazo swichi hutumiana ili kugundua kama kuna njia ya mzunguko kati yao. 2960 hutuma moja kila sekunde mbili kwenye kila poti, hata poti ya mtumiaji. Kompyuta haitumi BPDU. Poti iliyowekewa ulinzi huu ikiipokea inajua upande wa pili kuna kitu kisichotakiwa, inajifunga, na usipoiambia vinginevyo, itabaki imefungwa mpaka mtu aifungue kwa mkono. Au mpaka umeme ukatike. Hapo swali la mzee likapata jibu: poti ilikuwa inajifunga kwa makusudi, na kuzima swichi nzima kulikuwa kunaifungua tu.

BPDU ilitoka wapi? Mstari ule hausemi. Kuna uwezekano wa aina mbili: mtu ameleta swichi nyingine yenye akili na kuichomeka, au BPDU ya swichi yenyewe imetoka, ikazunguka, ikarudi. Mstari uliotangulia, sehemu ya sekunde kabla, ndio ulioamua. Ulikuwa ni `MACFLAP_NOTIF`, ukisema anwani ya lango kuu la mtandao inaonekana kwa kupokezana kwenye Gi0/1, poti ya gigabiti ya kwenda swichi kuu, na kwenye Fa0/17. Lango kuu liko upande wa Gi0/1 na haliwezi kuhamia uhasibu. Likionekana huko, maana yake pakiti zake ziliingia uhasibu zikageuka na kurudi. Na jambo la tatu, ambalo ni kutokuwepo kwa mstari: poti 17 haikuwa imeshuka wala kupanda kabla ya hapo. Waya wa kutoka kabatini hadi uhasibu haukuguswa. Kilichobadilika kilikuwa mbele ya waya huo.

Kabla ya kumwambia mzee chochote nilikusanya kwanza. Ninaanza na vinavyopotea haraka: `show clock`, `show logging`, `show interfaces status err-disabled`, `show errdisable recovery`, `show mac address-table`, `show interfaces counters errors`, `show processes cpu history`. Halafu `show tech-support | redirect flash:uhasibu.txt`, ambayo ni ndefu lakini inabeba karibu kila kitu ambacho msaada wa mtengenezaji atakuomba. Uzuri wake, nywila inaziondoa yenyewe. `show running-config` ya kawaida haifanyi hivyo, na nywila za aina ya 7, zile zilizofichwa kwa namna dhaifu ya Cisco, zinafunguliwa na kikokotoo chochote cha mtandaoni, kwa hiyo faili hilo usilitupie kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kuomba ushauri. Usiandike `clear counters` mapema eti uanze na hesabu safi. Hesabu chafu ndizo ulizozifuata.

Kisha nikamwomba mzee aende uhasibu, ainame chini ya meza, apige picha kisanduku chochote chenye taa. Picha ikaja: kiswichi cha mezani cha poti nane, cha plastiki, kisicho na mipangilio yoyote. Waya wa ukutani tundu la kwanza, kompyuta za mezani matundu mengine, na waya mmoja wa kijivu, mrefu wa kama mita mbili, ncha moja tundu la tatu, ncha nyingine tundu la sita.

Mama wa usafi alikuwa bado jengoni na alieleza bila kuzungushazungusha. "Nikideki naukuta waya umelala kwenye maji. Nikauchomeka pale panapoingia, usije ukaharibika." Ni mtu makini, na alichokifanya ndicho ambacho ungemtaka afanye mtu anayekuta waya wa watu sakafuni.

Waya ni wa mhasibu mmoja anayetumia kompyuta mpakato. Akiiacha ofisini, ncha inabaki imechomekwa na hakuna lolote. Siku anayoondoka nayo, ncha inaanguka sakafuni, na kesho yake alfajiri inachomekwa kwenye kisanduku. Mzunguko unakamilika, BPDU inarudi, poti inajifunga. Anapofika, anachomoa ncha ile na kuiweka kwenye mpakato wake bila kuifikiria mara mbili. Mzunguko umeshaondoka, poti bado imefungwa, mzee anaitwa, anazima, mtandao unarudi. Na siku ambazo mzee aliitwa na wenzake kabla huyu hajafika? Swichi iliwaka, ikatuma BPDU, ikaipokea tena, ikajifunga ndani ya sekunde chache. Ndizo siku za kuzima mara mbili.

Nilifungua poti kwa `shutdown` na `no shutdown` baada ya ncha kuchomolewa. Udahili hawakujua kama kuna jambo limetokea.

Marekebisho yenyewe hayana mengi ya kusimulia: soketi ya ukutani ya ziada kwa yule mhasibu, waya ukafungwa kwenye mguu wa meza, kisanduku kikaondolewa chini na kuwekwa juu ya kabati la mafaili. Mjadala ulikuwa kwenye poti kufunguka yenyewe. Ofisa TEHAMA wa chuo alitaka BPDU guard iondolewe "kwa sababu ndiyo inayokata". Nilikataa, na ningekataa tena. Bila hiyo mzunguko uleule ungeweza kuzidisha pakiti bila kikomo, na badala ya ofisi moja kukosa mtandao lingeweza kukosa jengo zima, tena kwa dalili zinazofanana na swichi mbovu kwelikweli. Isitoshe, tulikuwa na bahati kwamba kisanduku kile hupitisha BPDU. Si vyote vinapitisha. Kikizimeza, ulinzi huu hauoni kitu, na kinachobaki ni `storm-control`, inayozuia pakiti zikizidi kiwango, ambayo tuliiongeza kwenye poti zote za watumiaji siku hiyohiyo.

Tulikubaliana kwenye `errdisable recovery cause bpduguard`, muda ukibaki sekunde 300 zile za kawaida. Kila dakika tano poti inajaribu kufunguka. Kama mzunguko bado upo inajifunga tena na kuandika mistari yake. Mimi binafsi sipendi sana poti kufunguka yenyewe kwa namna hii, kwa sababu tatizo linaweza kuishi miezi bila mtu kulalamika. Ofisa TEHAMA alisema hana mtu wa kukaa na konsoli alfajiri, na hapo alikuwa na hoja. Sharti langu likawa kwamba seva ya rsyslog itume barua pepe kila inapoona `ERR_DISABLE`, iende kwake na si kwangu.

Barua ya kwanza ilimfikia kipindi cha usajili, poti ya 9, chumba cha mitihani. Sababu haikuwa bpduguard. Ilikuwa `psecure-violation`: mtu alichomeka kifaa kingine kwenye poti iliyofungiwa anwani moja. Aliisoma, akaenda chumbani, akakuta printa ya kuazima, akaichomoa, akafungua poti hiyo moja.